Waanzilishi wa nini?

Katika zoezi la tafsiri la mwezi uliopita tulipewa ukurasa wa Kiingereza kuhusu magari ya ng'ombe yaliyovuka nyanda za majani za Marekani miaka ya 1840, kutoka Missouri kwenda Oregon: kilomita 3,200 hivi, mvua ya mawe, tope linalomeza magurudumu, na hofu ya kukutwa na theluji milimani. Wenzangu karibu wote waliwaita wasafiri wale «waanzilishi». Mimi niliandika «walowezi», nikapunguziwa alama. Sidai alama zirudishwe, ingawa zingenifaa. Nadai neno.

Mwanzilishi huanzisha kitu ambacho hakikuwapo. Nyanda zile zilikuwa na wenyewe, Wapawnee, Walakota, Wacheyenne, waliojua vivuko vya mito kabla gurudumu halijafika. Mwalimu wetu alijibu kwamba mwandishi anawasifu wasafiri wake, na mfasiri hana ruhusa ya kumpinga. Hoja hiyo ina uzito, nimeifikiria siku nyingi. Lakini sifa ziko tele katika ukurasa wenyewe, na nilizitafsiri zote. Sioni kwa nini nizirudie ndani ya nomino.

Nilifikiria pia habari ya hapa kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, ili wapigane na Wajerumani katika ziwa Tanganyika. Zilifika Fungurume kwa treni. Kutoka hapo, kuanzia Agosti, zilivutwa na mashine za mvuke na makumi ya ng'ombe kupitia milima ya Mitumba hadi Sankisia, wakishindana na masika. Kisha reli, mto Lualaba, na reli tena kutoka Kabalo hadi hapa, wakati huo pakiitwa Lukuga. Tarehe 26 Desemba waliiteka Kingani. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Vitabu humtaja sana kamanda wao, Spicer-Simson. Ila mashine ya mvuke haiendi bila maji, na ulikuwa mwisho wa kiangazi, vijito vimekauka. Maji yalibebwa na wanawake wa vijiji vya jirani, kichwani, kutoka mbali. Miti ilikatwa na wanaume wa huko huko, wakajenga madaraja zaidi ya mia ambayo mengi hayakuwa na kazi tena baada ya msafara kupita. Majina yao hayamo katika vitabu hivyo.

Sasa, Kifaransa tunakijua sote. «Pionnier» wa zamani alikuwa askari wa miguu aliyetangulia jeshi kuchimba na kusafisha njia. Kwa maana hiyo ya asili, kati ya Fungurume na Sankisia pionnier ni nani, aliyevaa kofia au aliyebeba mtungi?

Ningependa kitivo kitoe zoezi jingine: kuandika kwa Kiswahili safari ile ya 1915, tukianza na wazee wa reli na bandari, ambao wana maneno ya mizigo, kamba na magurudumu ambayo sisi tunayatafuta bure katika kamusi. Babu mmoja wa mtaani kwetu alinisahihisha mara tatu katika dakika kumi. Yeye hakunipunguzia alama.