Kilimo hai ni nusu tu ya chokoleti

Kwenye tamasha la vyakula, meza ya fundi wa chokoleti haikosi watu. Vipande vya kuonja vimepangwa kwenye sahani, pembeni ziko chokoleti zilizofungwa kwa karatasi ya kaki, na juu ya karatasi maneno mawili yameandikwa makubwa kuliko mengine yote: kilimo hai. Mteja akishaonja na kuyasoma, hulipa bila kinyongo mara kadhaa ya bei ya chokoleti ya dukani. Fundi huyo anastahili kuungwa mkono, ila mteja anayeridhika na maneno hayo mawili ameuliza nusu ya swali. Cheti cha kilimo hai kinaeleza zaidi yale ambayo mkulima hakuyafanya: hakutia mbolea ya viwandani, hakupuliza dawa zisizoruhusiwa. Hakithibitishi ubora wa kazi inayofuata baada ya tunda kupasuliwa, na huko ndiko ladha inakopatikana au kupotea.

Mbegu ya kakao ikitoka kwenye tunda ni chungu na kakasi, imezungukwa na utando mweupe mtamu. Hulundikwa kwenye masanduku ya mbao, hufunikwa kwa majani ya migomba na kuvundikwa siku tano hadi saba huku ikigeuzwa. Hamira na bakteria hula sukari ya ule utando, joto hupanda hadi kukaribia nyuzi 50, na ndani ya mbegu huanza mabadiliko ambayo baadaye, ikikaangwa, hutoa harufu tunayoijua. Kisha huanikwa juani. Anayetaka kukagua kazi hiyo akate mbegu kavu kwa kisu. Iliyovundikwa sawasawa ina rangi ya kahawia na mipasuko ndani. Iliyorukishwa hatua hiyo ni ngumu, ya kijivu au zambarau. Na hii ya pili inaweza kabisa kuwa na cheti halali cha kilimo hai! Fundi hata akiisaga siku tatu mfululizo, hawezi kuirudishia ilichokikosa sandukuni.

Mfano mzuri wa kazi hiyo uko Mbingu, bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, hununua kakao mbichi kwa wakulima wadogo, kisha huivundika na kuianika yenyewe. Kakao hiyo ikifika San Francisco, Dandelion Chocolate huitengeneza kwa kuongeza sukari tu, na jina la Kokoa Kamili huandikwa kwenye karatasi ya nje. Mnunuzi wa Marekani anaambiwa nani alivundika. Wa Dar es Salaam au Nairobi, aliye karibu zaidi na shamba, hana sababu ya kukubali kuambiwa kidogo kuliko huyo.

Wapo watakaosema kwamba kununua kakao mbichi ni kumpokonya mkulima hatua yenye thamani. Hoja hii ina uzito, kwani kilo moja kavu hutokana na karibu kilo tatu mbichi, na bei ikipangwa vibaya anayeumia ni yeye. Lakini kuvundika kunataka wingi: kilo chache za kaya moja hazipati joto la kutosha, na mvua haimsubiri mtu aanike. Mwenye uwezo na avundike mwenyewe, mradi mnunuzi alipie tofauti kati ya mbegu ya kahawia na ya kijivu. Soko la jumla halina haraka ya kulipia tofauti hiyo. Desemba 2024, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipokuwa yameyumba, bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 12,000 kwa tani. Katika njaa ya namna hiyo wachuuzi huzoa chochote kilichokauka, na aliyehangaika na masanduku wiki nzima anaweza kulipwa sawa na aliyeanika kesho yake bila kuvundika.

Itasemwa pia kwamba haya ni mambo ya wenye nazo. Kweli, chokoleti ya fundi haitakuwa kitafunwa cha kila nyumba. Ila ughali huo huo ndio unaompa mteja haki ya kuhoji: kakao ya wapi, nani aliivundika, na alilipwa kiasi gani juu ya bei ya soko? Fundi anayenunua magunia machache anaweza kujibu papo hapo. Kiwanda kinachochanganya kakao ya nchi kadhaa kitapata shida. Na fundi wa tamashani akibaki kuonyesha kidole yale maneno mawili kwenye karatasi, mteja amshukuru kwa kipande cha kuonja, asogee meza ya asali.