Mwanamfalme Aliyekataa Kiti Si Shujaa

Riwaya za mapenzi zina mwanamfalme mmoja asiyechoka kurudi: hataki kiti, amempenda msichana asiye na ukoo, mwishowe anaacha ufalme na wasomaji wanamlilia. Hapa Nyansiongo nasi tumeamini kwamba mwanamume anayeacha urithi kwa ajili ya mapenzi ana moyo mkubwa kuliko wenzake. Nakataa katakata. Mara nyingi mtu huyo haachi kitu.

Edward VIII aliacha kiti cha Uingereza Desemba 1936 ili amwoe Wallis Simpson. Alipewa cheo cha Duke wa Windsor na posho, akaishi Ufaransa. Kazi ilimwangukia mdogo wake.

Sasa mtazame Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1866 alitoroka akiwa na mimba ya Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akaachiwa watoto wadogo. Aliporudi Zanzibar 1885 kudai haki yake, kaka yake Sultan Barghash alikataa hata kuonana naye. Ndiye Barghash yuleyule ambaye Salme, akiwa na miaka 15 tu, alimsaidia kuandika barua za siri alipokuwa akipanga kumpindua kaka yao mwingine, Sultan Majid. Salme ndiye aliyelipa gharama ya mapenzi.

Sisi Wagusii hatukuwa na ufalme kama wa Zanzibar, lakini ekari mbili za chai zinatosha kuwa kiti. Kijana atangaza kwamba shamba halimfai, yuko Nairobi na mchumba wake, na wazee wanamsifu kwa kutogombana na ndugu. Anayeamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi ni dada yake. Kwenye kituo cha kununulia chai karani anapima, risiti inatoka kwa namba ya mkulima, na jina lililo juu yake ni la kaka. Bonasi nayo inaingia kwenye akaunti ya kaka. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haimbagui binti, lakini binti huyu hakuulizwa kama anataka shamba au hataki.

Anayesema hataki urithi aende kiwandani abadilishe jina kwenye namba ya chai, kisha aipeleke hati ya shamba ofisi ya ardhi Nyamira, iandikwe jina la dada yake. Hapo nitakuwa wa kwanza kumpongeza.