Gazi ya klimu haiishi, inavuja

Tangu Mwezi wa Nane tulitoa feza mara tatu katika sanduku la shirika ili kujaza gazi katika klimu ya gari letu. Dola 25 kila mara. Na kila mara klimu ilipuliza baridi kwa juma mbili, kisha ikarudia kupuliza joto. Katika mkutano wa posho iliyopita mama mmoja alisimama akasema wazi kwamba shofa anagawana ile feza na fundi. Wengi wetu tulikubali. Shofa alikuwa nje, chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua Mwezi wa Kumi ulivyo. Mvua haijaanguka, malori yanatimua vumbi, na ndani ya gari letu kuko mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ukifungua dirisha anakohoa, ukilifunga anazimia kwa joto. Basi tusiseme klimu ni mambo ya watajiri.

Siku ya Tatu wamama watatu tulikwenda na shofa kwenye garaji nyingine. Fundi wa pale alituuliza kwanza swali moja: "Wamama, mpira wa baisikeli ukipungua upepo kila juma, munasema upepo umetumika?" Tulicheka, lakini tulikuwa tumelipa mara tatu bila kujiuliza hivyo. Gazi ya klimu haiungui kama esanse. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresere inaikandamiza, inaacha joto katika radiatere nyembamba iliyo mbele ya ile ya maji, kisha inaingia nyuma ya tablo kubeba joto letu. Ikipungua kila juma mbili, kuko tundu.

Hakushika chupa ya gazi. Alifungua boneti akatafuta mafuta. Gazi inatembea pamoja na mafuta kidogo ya kompresere, na mahali inapotokea, mafuta nayo yanatoka, vumbi linashikamana pale. Kwenye kiungo cha bomba karibu na ile radiatere ya mbele kulikuwa doa jeusi lenye utelezi. Akazima motere, akapaka povu la sabuni ya vyombo. Tulingoja karibu dakika mbili. Kisha pakatokea povu dogo, likavimba, likapasuka, likatokea lingine. Shofa aliliangalia bila kusema neno.

Gazi iliyobaki aliivuta kwa mashini ndani ya chupa, hakuiachilia hewani. Gazi hiyo, R134a, inaongeza joto la dunia mara 1.430 kuliko uzito uleule wa gazi karbonike. Akatoa kipete cha mpira kilichokauka, akaweka kipya kilicholowanishwa kwa mafuta ya kompresere, akabadilisha na chupa ndogo inayonyonya unyevu. Kisha akafunga pompi ya kuvuta hewa yote kwa nusu saa, akaifunga, akangoja kuona kama mshale wa saa ya kipimo utarudi. Haukurudi. Ndipo akapima gazi kwenye mizani: gramu 500, kama karatasi iliyo chini ya boneti inavyosema. Yule wa kwanza alikuwa anajaza kwa kukisia, na gazi ikizidi nayo inaumiza kompresere.

Tulilipa dola 60. Kile kipete chenyewe ni kitu kidogo sana kwa bei, tulilipa kazi.

Wenye gari nyumbani, maji yanayodondoka chini ya gari klimu ikiwa inafanya kazi si ugonjwa. Yakilowesha zulia la ndani, kabomba ka kuyatoa kamezibika, kasafishwe tu. Kama doa la mafuta halionekani popote, pengine tundu liko nyuma ya tablo. Hapo fundi anatia wino wa rangi na kuutafuta kwa taa yake, na kufungua tablo ni kazi ndefu, kwa hiyo ulizeni bei mbele ya kukubali. Fundi akitaka kupima mabomba kwa oksijeni ya kuchomea vyuma, ondokeni na gari lenu: oksijeni ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Akitaka kutia gazi ya kupikia, vilevile. Na dawa ya kuziba matundu tunaikataa, inaweza kuharibu mashini za garaji na kuziba mabomba.

Leo ni siku ya pili, baridi ingali inatoka. Tunajua siku mbili si juma mbili, kwa hiyo kila Siku ya Kwanza tutapaka sabuni kwenye kile kiungo.

Mkutano wa posho hii unaanza saa tisa. Mama aliyesema ameomba kusema tena, na sisi tuliokubali tutasimama naye. Shofa amealikwa, na safari hii ataketi ndani.