Tiketi Peke Yake Haitoshi: Mwandae Mzazi Kabla Hajafika Kiwanja cha Ndege



Kila likizo ikikaribia simu zinaanza kulia: "Nimeshamkatia mama tiketi, anakuja!" Furaha tupu. Tunaulizana viza ilichukua muda gani, tiketi imepatikana kwa bei gani, anaruhusiwa kilo ngapi. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza: mama amewahi kupanda ndege? Dawa zake atazibeba wapi?

Mimi pia sikuuliza, na nimelipia kosa hilo. Ndiyo maana leo naandika, na kama nitaonekana mkali mnisamehe.

Mama yangu ana sukari na presha, miaka zaidi ya kumi sasa. Alikuwa na miaka 67 alipopanda ndege kwa mara ya kwanza, kutoka Dar es Salaam kuja London, akiunganisha ndege kwenye nchi moja ya Ghuba. Mdogo wangu alimsindikiza mpaka pale wasindikizaji wanapoishia. Kaunta wakamwambia begi lake la mkononi ni zito, liende chini pamoja na mizigo mingine. Akakubali, maana nani atabishana na mtu mwenye sare? Ndani ya begi hilo kulikuwa na vidonge vya presha, insulini na kipimo cha sukari.

Kule alikounganisha alikaa saa 7 kwenye kiti kimoja. Hakunywa maji, kwa hofu kwamba akienda chooni ndege itamwacha. Alipozidiwa akaenda mara moja tu, akakuta bomba halina pa kufungulia, akatoka bila kunawa na hakurudi tena. Ndani ya ndege walipopita na chakula akasema ameshiba. Alidhani kinauzwa!

Akafika London miguu imevimba, kizunguzungu, na begi halikufika. Nyumbani tulishapika pilau, lakini tulianzia hospitali, idara ya dharura. Sukari ilikuwa juu sana, presha hivyo hivyo. Akalazwa siku mbili. Begi lilikuja baadaye, na ile insulini tuliitupa.

Ndugu zangu, hakuna aliyemkosea mama zaidi yangu mimi. Nilimtumia tiketi nikadhani nimemaliza kazi. "Atauliza watu," nilisema. Aulize kwa lugha gani? Maoni yangu ni haya: kwa mzazi mwenye maradhi anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, kiwanja cha ndege ni suala la afya kabla ya kuwa suala la safari. Na kazi ya kumwandaa ni yetu sisi tunaomwita, si yake.

UNACHOOMBA SI KITI, NI MTU

Nianze na jambo linalotugombanisha zaidi, kiti cha magurudumu. Ukimtajia mzazi atakwambia: "Mimi kiwete? Unanitakia mkosi?" Na sisi wenyewe tunaona aibu, watu watasema nini.

Lakini fikiria anayekisukuma kiti. Ni mfanyakazi anayeijua njia. Anampitisha mzazi wako kwenye ukaguzi, uhamiaji, lifti, mpaka geti lenyewe, na huku mwisho anamleta mpaka pale ulipo wewe. Viwanja kama Dubai na Doha ni vikubwa mno, vina treni za ndani kwa ndani. Kutoka geti moja hadi jingine unaweza kutembea dakika 20. Mzee mwenye magoti mabovu na presha atazitembea akikimbizana na saa?

Huduma hii kwa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni haki kisheria na haina malipo, na unatakiwa kutoa taarifa angalau saa 48 kabla. Marekani nako sheria ipo tangu 1986. Piga simu shirika la ndege mara baada ya kukata tiketi, kisha piga tena siku tatu kabla kuhakikisha imeandikwa. Kuna herufi zake: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, na WCHC hawezi kabisa kutembea mwenyewe. Sema ukweli ili apewe msaada unaomfaa. Na ombeni kwa kila kituo, si mwanzo tu.

Kuna wanaosema tunawanyang'anya viti walemavu wa kweli. Hoja hiyo naiheshimu. Kama mzazi wako ni mzima na anaweza mwendo, shida yake ni njia na lugha tu, omba huduma ya kupokewa na kuongozwa. Mashirika mengi yanayo, wanaiandika MAAS. Mengine hutoza, uliza mapema. Lakini mwenye sukari, presha au magoti asione haya. Haki ni yake.

DAWA ZISIACHANE NA MWILI

Hii ndiyo sheria ya kwanza, na mwambie mzazi airudie kama anavyorudia dua ya safari: dawa haziendi chini na mizigo. Mizigo huchelewa na hupotea, na tena insulini inaweza kuganda kwa baridi kule chini. Ikishaganda imeharibika, na kwa macho huwezi kujua kila mara.

Kwa hiyo mnunulie kipochi kidogo cha kuvaa begani, tofauti na begi la mkononi. Wakilichukua begi, kipochi kinabaki. Humo weka:

1. Dawa za siku zote za safari na za siku kadhaa za ziada, kwenye maboksi yake yenye jina lake.
2. Barua ya daktari kwa Kiingereza, inayotaja maradhi, dawa na vipimo vyake, na sindano kama anatumia.
3. Kipimo cha sukari, na tende, biskuti au vidonge vya glukosi kwa ajili ya sukari ikishuka.
4. Karatasi yenye namba zako za simu na sentensi chache kwa lugha mbili: nina sukari, naomba maji, naomba chakula, nioneshe choo, nisaidie kupata geti hili.

Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vinazuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi. Vingine vimelegeza siku hizi, ila wewe fuata ile kali. Dawa za maji zinazohitajika safarini zinaruhusiwa, mradi azitoe na kuzionesha. Chupa yake ya maji ipite tupu, atajaza au kununua akishapita ukaguzi.

Na wale mnaopokea wageni Falme za Kiarabu muwe makini zaidi. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa kule, na zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Mzazi atakuwa amepewa dukani nyumbani bila kujua ni dawa nzito. Mwambie akutajie kila kidonge alichonacho.

SAA YA TIKETI NA SAA YETU

Hili ni dogo lakini limewaachisha watu ndege. Tiketi imeandikwa 03:40. Mama anasoma saa tatu na dakika arobaini. Sivyo! Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Na kama tarehe ni 12, anatakiwa awe kiwanjani tangu usiku wa tarehe 11. Mwandikie kwa saa ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kwa siku: "Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi."

Saa za dawa nazo ni vivyo hivyo. Kati ya Dar na London tofauti ni saa 2 au 3 tu, haisumbui sana. Lakini anayekwenda New York tofauti ni saa 7 au 8 na siku inakuwa ndefu, hivyo mwenye kuchoma insulini lazima apangiwe na daktari wake kabla ya kuondoka. Msipangiane wenyewe kwenye simu.

KULA, KUNYWA, CHOONI

Mwambie waziwazi kwamba chakula cha safari ndefu kwa kawaida kimeshalipiwa ndani ya tiketi, ila hakikisha kwanza na shirika mlilokata. Kama anahofia nyama, agiza mapema chakula cha halali, au kile cha watu wa sukari. Mtu aliyechoma insulini asipokula, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia, na jirani yake atadhani amelala.

Mwambie kuhusu choo pia, usione haya. Wazee wengi huacha maji, na hata huacha vidonge vya presha vile vinavyoleta mkojo, kwa sababu ya choo tu. Mweleze kwamba bomba la kiwanjani hutoa maji ukiweka mikono chini yake, choo kingine hujimwagia chenyewe, na mlango wa choo cha ndege husukumwa katikati unakunjika. Mwombee kiti cha pembeni mwa njia ili asiogope kuwaamsha watu.

Ngazi za umeme nazo ni hatari kwa asiyezizoea, hasa akiwa na baibui au khanga ndefu. Mwambie atafute lifti. Kama mjini kwenu kuna jengo lenye lifti, mjukuu ampeleke akajaribu wiki moja kabla.

MIGUU NA HEWA

Hewa ndani ya ndege ni nyepesi, sawa na kuwa juu ya mlima wa mpaka mita 2,400 hivi. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700. Pia ni kavu sana. Mwenye matatizo ya moyo, mapafu, upungufu mkubwa wa damu au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza, hata kama tiketi imeshakatwa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kuwa safari ya kukaa zaidi ya saa 4 huongeza kama mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000, lakini umri, unene na upasuaji huiongeza. Dawa yake ya kwanza ni rahisi: anyooshe na kukunja vifundo vya miguu, asimame na kutembea, anywe maji. Soksi za kubana na aspirini asitumie bila kumwuliza daktari, hasa mwenye sukari. Baada ya safari mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, ni hospitali moja kwa moja.

TUSIBANE SENTI PASIPOSTAHILI

Mwisho niseme la pesa. Tunachagua tiketi yenye kusubiri saa 11 kwa sababu ni nafuu paundi 60. Kwa kijana sawa. Kwa mzee mwenye sukari huo si unafuu. Tafuta inayosubiri saa 2 mpaka 4: ikiwa fupi zaidi atakimbizwa, ikiwa ndefu zaidi atachoka.

Na bima usiiache. Hapa Uingereza huduma ya idara ya dharura haina malipo, lakini mgeni wa viza ya matembezi akilazwa anatozwa asilimia 150 ya gharama. Mimi nililetewa hiyo karatasi, na nimeilipa kwa mafungu. Marekani ni ghali zaidi. Soma kama bima inagharimia maradhi aliyokuwa nayo kabla, maana nyingi hazigharimii.

Mama alikuja tena miaka miwili baadaye. Safari hii alikuwa na kipochi chake, karatasi yake, na kiti alichokikataa kwenye simu mara tatu kabla ya kukubali. Nilimwona anatokea mlangoni anasukumwa na binti mmoja, wanacheka, ingawa hawakuwa na lugha moja. Akaniambia: "Huyu ndiye mwanangu wa njiani." Nilipompima nyumbani, sukari ilikuwa ya kawaida. Tulikula pilau siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujabonyeza kulipia ile tiketi, mpigie mzazi wako simu na mkae saa nzima. Mpitishe kwa maneno kutoka mlango wa kiwanja mpaka mikononi mwako. Saa moja ya simu haikushindi.

Nawatakia wazazi wetu wote safari njema.