Wakasai wa Likasi hawakuwa na kwao kwingine

Kuanzia Agosti 1992 maelfu ya Wakasai waliofukuzwa majumbani walilala stesheni ya Likasi, hapa Katanga, na katika madarasa ya shule, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai. Wengi wao Kasai walikuwa hawajawahi kuiona. Walizaliwa Panda, Shituru na Kikula, wakasoma shule za kampuni ya madini ya Gécamines, wakatongozana na kugombana kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Wengine, hasa watoto wadogo, walifia pale pale wakingoja kile kilichoitwa kurudi kwao.

Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado nawasikia wazee ninaowaheshimu wakisema kosa lilikuwa la Wakasai wenyewe. Eti hawakujichanganya. Eti walishikilia Tshiluba na vyama vyao, mwili Katanga, moyo Kasai. Wangekuwa kama sisi, yasingewapata. Wazee wangu, hayo si kweli.

Nani aliwaleta? Reli ya BCK ilipofika Ilebo, huko Kasai, mwaka 1928, kampuni ya Union Minière, iliyoitangulia Gécamines, ilikuwa imekwisha kuamua kwamba imechoka na vibarua wa miezi sita. Ilitaka mtu aje na mke, azae kambini, mwanawe asome kambini na arithi kazi ya baba. Nyumba, posho, zahanati, vyote vilipangwa ili kijiji kisahaulike. Na kilisahaulika.

Swali la uaminifu wa mhamiaji si geni. Robert Park, kabla ya kuwa mwalimu wa sosholojia Chicago, aliandika kupinga ukatili wa mfalme Leopold wa Ubelgiji hapa Kongo. Baadaye yeye na William Thomas waliwachunguza Wapoland, Waitaliano na Wayahudi waliohamia Marekani, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo kuongea lugha ya mama yako barabarani kulitosha kukufanya msaliti. Vitabu vilivyotokana na kazi hiyo, mwaka 1921 na 1922, vilionyesha kinyume. Gazeti la lugha ya nyumbani na chama cha kuzikana vilimsaidia mgeni kuizoea nchi mpya. Aliyelazimishwa kusahau ndiye aliyejifungia ndani. Chama cha Wakasai kilichochanga sanda na jeneza hapa Likasi kilifanya kazi ile ile.

Ila Park alituachia pia tumaini ambalo mji wetu umelivunja: kwamba safari ya mgeni huishia kwenye kufanana na mwenyeji, na hapo ugomvi huisha. Likasi waliofukuzwa ni waliokwisha kufanana. Jina la baba lilitosha. Walioitwa bilulu, yaani wadudu, walikuwa majirani waliotuazima chumvi jana yake. Kilichobadilika ni siasa na mfuko: shaba ya Gécamines ilikuwa inaporomoka, ajira zinakauka, na tarehe 15 Agosti mkutano wa kitaifa Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz, mtu wa Katanga. Huku kwetu gavana Kyungu na chama cha UFERI walikuwa wamekwisha kuandaa vijana wa kuwafukuza.

Na huyo mwenyeji halisi ni nani? Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, alikuwa Mnyamwezi. Alikuja na misafara kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Mjukuu wake, Godefroid Munongo, ni mmoja wa waliounda CONAKAT mwaka 1958, chama cha Wakatanga halisi. Simlaumu kwa babu yake. Bayeke, watu wa Msiri, ni Wakatanga, na abishe nani? Lakini kama vizazi viwili vilimtosha mjukuu wa Msiri, kwa nini vitatu visimtoshe mjukuu wa mchimbaji Mkasai wa Shinkolobwe?

Mwaka 2021 hoja hiyo hiyo ya uenyeji halisi ilifika bungeni Kinshasa: urais uwe wa mwenye baba na mama Wakongo tu. Nayo pia inapima damu na kuiita uaminifu. Huku kwetu vijana wanazidi kushuka kutoka Kasai, na neno lile la wadudu nimelisikia tena, safari hii kwa mtoto ambaye mwaka 1992 hakuwa amezaliwa. Kuna mtu mzima aliyemfundisha.

Waliofika Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa mabehewa yale walisemezana Kiswahili, na wenyeji wa kule wakawaita watu wa Katanga.