Usingizi wa Wazee

Juma hili twapenda kunena juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Butembo na Beni husemwa kwa sauti ya chini: wazee wasiopata usingizi, na vidonge wanavyovitumaini.

Tulikwenda kumwamkia bibi mmoja, jirani yetu. Chini ya mto wake aliweka vidonge vya diazepamu, alivyonunuliwa na mjukuu wake pasipo karatasi ya mganga. Akatuambia, "Wanangu, hivi havina ubaya, vingekuwa vibaya visingeuzwa. Tena nisipolala nitakufa." Maneno hayo mawili twayasikia kwa wazee wengi, na yote mawili yawapoteza.

Kwanza, kidonge hicho kina nguvu. Kilianza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, na kwa miaka mingi watu walikidhania hakina hatari. Leo waganga wanajua zaidi. Mwili wa mzee huchelewa kukitoa: cha jana hakijaisha, cha leo kimefika. Ndipo miguu hulegea na akili huchanganyika. Mzee huamka usiku kwenda msalani, akaanguka, nyonga ikavunjika. Akikinywa pamoja na pombe, pumzi yaweza kukatika. Na akikizoea, kimoja hakimtoshi tena.

Pili, usingizi wa uzeeni ni mwepesi kwa maumbile yake. Kuamka mara mbili tatu hakumwui mtu. Hata hivyo tusiwacheke wazee wetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewafundisha wengi kulala sikio likiwa mlangoni. Ni kidonge gani kitakachoondoa hofu hiyo, au uchungu wa mtoto aliyezikwa?

Basi tufanye nini? Ninyi watoto wao, msiwanyang'anye vidonge kwa ghafula. Aliyevizoea akiviacha mara moja aweza kutetemeka, hata kuangushwa na kifafa. Mpelekeni kwenye kituo cha afya, mganga ampunguzie polepole. Mzee na aache kahawa baada ya adhuhuri, asilale sana mchana, aende kitandani usingizi ukimjia, na aamke saa ile ile kila siku. Usingizi ukikataa kuja, aondoke kitandani, akae kimya hata umrudie.

Nanyi wanafunzi mnaotumwa dukani, kabla hamjashika fedha, ulizeni kwa heshima: "Bibi, ni nini kinachokunyima usingizi?" Sisi tulimwuliza jirani yetu. Alinyamaza kitambo, kisha akalitaja jina la mwanawe marehemu. Akasema kwamba siku nyingi hakuna mtu aliyemwuliza. Jioni ile tukasali rozari pamoja naye, na mjukuu wake akaahidi kumpeleka kwa mganga. Hatujui kama alilala usiku ule, lakini hakuachwa na huzuni yake peke yake. Na hilo, wasomaji wapenzi, kila mmoja wetu aweza kulifanya nyumbani mwake leo jioni.