Manzuki Kwanza, Mzinga Baadaye

Yako mazoea mabaya yaliyoota mizizi vijijini kwetu, nayo ni kudhani kwamba mtu akishapewa mzinga amekwisha kuwa mfugaji nyuki. Mgeni rasmi huja, mizinga hupangwa juani ipigwe picha, risala husomwa, kila mwanakikundi huondoka na wa kwake. Pita baada ya mwaka: utaikuta imening'inia mitini mitupu, au imegeuka makao ya mijusi na siafu. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema nunua mzinga ule asali.

Sisemi haya kwa kuibeza mizinga. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa asali, nyuma ya Ethiopia, na misitu ya miyombo ya Tabora, Katavi na Singida ndiyo inayotupa sifa hiyo. Nasema ya kuwa kazi hii hujifunzwa kwa mikono, na mahali pa kuitia mikono adabu ni manzuki ya kikundi iliyotengwa kwa kufundishia, ambapo mizinga ni ya wote na aliyebobea husimama ubavuni mwa asiyejua.

Hebu tazama linalofundishwa pale. Mwanafunzi hukabidhiwa sega akalisome. Akiona mayai, ajue malkia alikuwapo ndani ya siku tatu zilizopita, kwa maana yai halikai zaidi ya hapo kabla ya kuanguliwa. Hana haja ya kumsaka malkia na kulichokoza kundi zima. Akiona majana yaliyofunikwa, ahesabu: malkia hutoka siku ya 16 tangu yai kutagwa, kibarua siku ya 21, dume siku ya 24. Asali iliyofunikwa kwa nta imeiva. Iliyo wazi bado ina maji mengi, na ukiirina itachacha ndani ya ndoo, mnunuzi akukimbie. Mambo haya yamo vitabuni, sikatai. Lakini kitabu hakikushiki mkono unapoinua sega jipya lisilo na fremu. Ukililaza ubavu kwenye joto, hukatika likaanguka pamoja na majana na asali yake, na hapo nyuki hawana mzaha.

Tena nyuki wetu si wa kuchezewa. Ni wakali, na ni wepesi wa kuhama: wafungulie kila Jumapili kwa udadisi, watakuachia sanduku. Ndiyo sababu wajuzi hufanya kazi jua likishuka, ili usiku uwatulize. Moshi wa ubaridi hutangulizwa mlangoni, si moshi wa kuunguza. Aliyeumwa hukwangua mwiba upesi, kwa kuwa huacha harufu inayowaita wenzake, harufu iliyo kama ya ndizi mbivu. (Mwenye hekima hali ndizi njiani akienda manzuki.) Na ambaye pumzi inambana baada ya kuumwa akimbizwe hospitali mara moja, heri aligundue hilo akiwa kati ya watu kuliko akiwa peke yake porini.

Atatokea wa kuniambia kwamba babu zetu walirina bila darasa. Si kweli. Darasa walikuwa nalo: kijana alimfuata baba au mjomba msituni, misimu na misimu, kabla ya kuaminiwa mzinga wa gome ulio wake. Kilichokatika ni huko kufuatana, maana vijana wako shuleni na wajomba wako mijini. Manzuki ya kikundi yaweza kuunga kilichokatika na kuacha kilichokuwa kibaya, yaani mwenge wa moto uliounguza nyuki na pengine kuteketeza msitu. Basi mzee anayejua mti upi huchanua mwezi upi aitwe pale; asiachwe nyumbani ati kwa kuwa hana cheti.

Afisa nyuki naye aje na rula yake. Vile vijiti bapa vya juu, ambavyo nyuki hutundikia masega, kwa nyuki wetu hupimwa upana wa milimita 32. Seremala akikisia, nyuki hujenga mshazari, wakaunganisha kijiti na kijiti, na mzinga haufunguki tena bila kuvunja masega. Kosa hilo ni afadhali lionekane katika mzinga mmoja wa kufundishia kuliko katika mia iliyokwisha kulipiwa.

Dunia huadhimisha Siku ya Nyuki kila tarehe 20 Mei, na wachache wanakumbuka kwamba siku hiyo inamhusu mwalimu: Anton Janša wa Slovenia, aliyefundisha ufugaji nyuki mjini Vienna katika karne ya 18.

Tatizo lipo, wala si dogo: mali ya wote mara nyingi huliwa na wachache. Kikundi kisicho na daftari kitagombana siku ya kwanza ya kurina. Kwa hiyo asali ya manzuki ya kufundishia isigawanywe. Iuzwe, inunue glavu, kofia za wavu na bomba la moshi, vitu ambavyo mtu mmoja huvipata kwa shida na watu kumi wanaweza kupokezana.

Nawaomba halmashauri na wafadhili: kabla ya mzinga wa kwanza kugawiwa, wanakikundi wapitie msimu mzima manzukini, tangu nyuki kuingia hadi kurina. Atakayebaki baada ya kuumwa, huyo mpeni mizinga. Watakaokimbia hawatakuwa wamepata hasara, wala ninyi.